Karatasi sita, daftari moja: jinsi ya kujua unaamini nini kabla hujaamua kura yako 2027

Machi 2013 niliingia kituo cha kura hapa Likoni nikiwa nimejipanga kabisa, kitambulisho mkononi, foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, tumboni chai ya rangi tu. Karani akanipa karatasi sita. Sita! Ndo ilikuwa mara ya kwanza tunapiga hivo chini ya katiba ya 2010 na mimi kichwani nilikuwa na jina la rais, la gavana nusu nusu, basi. Zile zingine nikatafuta alama ya chama, tiki tiki tiki, nikatoka na wino kidoleni najiona nimefanya kazi ya maana. Miezi kadhaa baadae mfereji wa mtaani ukakauka, tukaambiwa tumtafute MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, ikabidi niende dukani kuuliza kwani MCA wetu ni nani. Mwenye duka akaniangalia vile unaangalia mtu aliyesahau jina la mtoto wake. "Si ndo huyo mlompa kura."

Tangu siku hiyo nina daftari. Nimeitumia 2017, nikaitumia 2022, na watu kadhaa wamenambia niwaandikie vile naifanya, manake uchaguzi ujao ni Jumanne 10 Agosti 2027 na kelele zishaanza. Sikwambii umchague nani. Nakwambia vile unaweza kujua mwenyewe, hatua kwa hatua, na ntatumia mifano ya hapa Mombasa kwa sababu ndo napajua, wewe wa Kakamega ama Garissa weka ya kwenu.

Hatua ya 1: Andika unachoamini kabla hujafikiria mtu yeyote

Hii ndo hatua ndefu na watu wengi wanairuka. Tunaanza na mtu. Ukishampenda mtu, akili yako inageuka wakili wake, kila anachofanya unakitafutia sababu, hata akikuuzia mbuzi kwenye gunia utasema alikuwa na nia njema. Kwa hivyo majina weka kando kwanza.

Chukua daftari, si simu, manake kwa simu utaingia TikTok kabla hujamaliza mstari wa pili. Alaf usiandike "nataka maendeleo" ama "nataka amani". Nani hataki? Andika kitu ambacho jirani yako mwenye akili timamu anaweza kukipinga, na kiwe kitu chenye bei, yaani kuna mtu lazima atoe pesa ama aache kitu.

Mfano ushuru. Juni 2024 watu walitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, vijana nchi nzima, hadi wakaingia bungeni tarehe 25, siku ya pili rais akakataa kuusaini. Sasa jiulize wewe binafsi ulikasirishwa na nini hasa. Ushuru wenyewe kupanda? Ama vile pesa zinatumika? Ni vitu viwili tofauti kabisa na vinakupeleka kwa wagombea tofauti. Anaeamini ushuru ni mwingi atatafuta mtu wa kupunguza serikali, hata kama itamaanisha huduma zingine zifungwe. Anaeamini shida ni wizi anaweza kukubali kulipa hata zaidi, bora aone risiti. Mimi niliandika hivi: "Ntalipa, lakini nionyeshwe." Maneno matatu tu lakini yalinichukua wiki nzima.

Afya. Tangu Oktoba 2024 tuko SHA, ile bima ya afya ya serikali, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu, asie na mshahara anapimwa hali yake ya nyumbani na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Wacha kwanza habari ya sistimu kukwama na hospitali kulalamika, hiyo ni ya utendaji. Swali la imani ni hili: ni sawa anaepata laki tatu alipe mara kumi ya anaepata elfu thelathini, kisha walale wodi moja na wapate dawa ile ile? Kuna watu wazuri sana watakwambia ndio, na wengine wazuri vile vile watakwambia la, mimi nilifanya kazi sikuiba. Wewe uko wapi?

Ardhi, ambayo huku pwani ndo mama wa siasa zote. Shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari kama 930, watu walikaa miaka bila hati, mwishowe serikali ikalinunua na hati zikatolewa 2016, alaf wakaazi wakaambiwa wailipie. Kelele zikawa kubwa. Sasa nani alifaa kulipa? Aliyekaa pale? Mlipa ushuru wa Nyeri? Ama mwenye shamba hakufaa kulipwa kitu? Ukijibu hilo swali bila kukwepa, utajua mengi kuhusu wewe mwenyewe kuliko utakavyojua kwa kuangalia mikutano kumi ya siasa.

Ongeza mengine yako. Polisi wawe na nguvu kiasi gani wakati wa maandamano. Kaunti zipewe pesa zaidi ama zibaki vile ziko (katiba inasema zisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa). Dini iingie siasa hadi wapi. Viti vya kina mama. Usijaze kurasa tano, hakuna atakaezisoma hata wewe.

Ukimaliza fanya mtihani mmoja, mimi naiita kugeuza jina. Chukua kila ulichoandika ujiulize: hiki kitu kikifanywa na yule nisiempenda, bado ntakishangilia? Manake tumeona mambo. Machi 2018 Uhuru na marehemu Raila walishikana mikono pale Harambee House, na watu waliokuwa wanatukanana asubuhi wakawa ndugu jioni. Machi 2025 Ruto na Raila nao wakatia saini makubaliano, walioshindana 2022 hadi Mahakama ya Juu. Mimi sisemi ni vibaya viongozi kuelewana. Nasema kama imani yako iligeuka siku hiyo hiyo, basi haikuwa imani yako, ulikuwa umeazima.

Na usidhani chama kitakubebea imani. Hesabu: Kibaki 2002 aliingia na NARC, 2007 na PNU, Uhuru 2013 na TNA, 2017 na Jubilee, Ruto 2022 na UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Ukisema "mimi ni mtu wa chama" hapa Kenya ni kama kusema mimi ni mtu wa hoteli, wapishi wanahama usiku.

Mwisho wa hatua hii zungushia mambo matatu. Matatu tu, yale ambayo ungekubali kulipia. Yabaki hapo juu ya ukurasa.

Hatua ya 2: Jua kila karatasi ni ya kazi gani

Hapa ndo niligundua nilikuwa najidanganya miaka yote. Unachukia ukosefu wa maji unamtukana mbunge, unachukia polisi unamtukana gavana.

Karatasi nyeupe ni rais. Usalama, uchumi mkubwa, mambo ya nje, barabara kuu, shule za msingi na sekondari. Kwetu Mombasa tumeona vile agizo moja la Nairobi linaweza kukata riziki ya mtaa mzima, mizigo ilipolazimishwa ipande SGR, ile reli mpya ya Nairobi, ikafanyiwe kazi bara, watu wa malori na wa clearing (kutoa mizigo bandarini) wakakaa barazani, na Septemba 2022 agizo likarudishwa nyuma siku ile rais mpya anaapishwa. Hiyo ndo nguvu ya karatasi nyeupe.

Ya bluu ni gavana, na kwa maisha ya kila siku mimi naona hii ndo nzito zaidi. Zahanati, hospitali za kaunti, chekechea, maji, soko, takataka, barabara za mitaa, leseni za biashara. Ukienda zahanati ukaambiwa dawa ukanunue nje, hio ni ya bluu.

Ya njano ni seneta. Kazi yake kubwa ni kulinda pesa za kaunti na kumuuliza gavana zimeenda wapi, na gavana akitimuliwa na bunge la kaunti kesi inaisikizwa kule seneti. Kwa hivyo ukimchagua seneta ambae ni rafiki wa chanda na pete na gavana, ushamtoa mbwa kwenye boma. Hio ni maoni yangu, lakini yafikirie.

Kijani ni mbunge. Watu wanamjua kwa basari na madarasa ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo, lakini kazi yake ni sheria na bajeti ya nchi. Ule Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106. Wako alikuwa upande gani? Kama hujui, hilo ndo zoezi lako la kwanza.

Zambarau ni mwakilishi wa kike wa kaunti, na wengi wanadhani ni wa kuleta matenti na viti vya harusi. Ni mbunge kamili, anapiga kura bungeni sawa na yule wa kijani, na juu yake ana ule mfuko wa NGAAF wa kusaidia kina mama, vijana na walemavu.

Ya mwisho, rangi ya kahawia hivi, ni MCA. Anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti ya kaunti, anamchunga gavana. Hana pesa zake za kujenga kitu, akikwambia "nitawajengea" muulize kutoka kifungu gani cha bajeti.

Nikupe kisa kimoja. 2022 tulikaa maskani, jioni, kahawa chungu na kashata, akaja mgombea MCA na vijana wake wawili wa kubeba mabango. Akaongea vizuri, ana sauti yule, akasema akiingia tu jambo la kwanza ni kumaliza shida ya feri. Watu wakapiga makofi, manake nani Likoni hajateswa na feri? Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao hata hakuinua kichwa, akamuuliza, "Mwanangu, feri ni ya nani?" Jamaa akasema ni ya wananchi. Mzee akasema, "Feri ni ya bandari, na bandari ni ya Nairobi. Wewe unaenda kaunti. Sasa utaimaliza vipi?" Jamaa akacheka, akasema atapiga simu kwa wakubwa. Mzee akarudi kwenye bao lake. Mimi nikatoa daftari nikaandika "simu kwa wakubwa" mbele ya jina lake, na kura yangu hakuipata.

Hatua ya 3: Piga jedwali

Haraka hii. Ukurasa mmoja kwa kila kiti, kurasa sita. Juu andika kazi ya hicho kiti kwa mstari mmoja. Chini chagua kati ya yale mambo yako matatu ni lipi linaguswa na hicho kiti, manake si yote. Polisi haiguswi na MCA. Dawa za zahanati haziguswi na rais moja kwa moja. Alaf andika kitu kimoja ambacho ukikiona kwa mgombea umemalizana nae hata akiwa malaika kwa mengine. Changu ni uchochezi wa kabila. Ntaeleza mbele kwa nini.

Hatua ya 4: Chunguza rekodi, anza na walioko kitini

Alieko kitini ndo rahisi zaidi, ashaacha nyayo.

Mbunge na seneta: Hansadi, ile rekodi ya kila kinachosemwa bungeni, iko kwa tovuti ya bunge, bure, unatafuta jina lake unaona alisema nini na lini. Inachosha kusoma, sikudanganyi. Njia ya mkato ni Mzalendo, wale wanafuatilia bunge na kila mwaka wanatoa orodha ya nani aliongea sana na nani hakufungua mdomo. Lakini usichukulie kuongea sana ni kufanya kazi, kuna watu wanasimama kila siku kusema "nashukuru mheshimiwa spika" basi. Angalia alipiga kura vipi kwa yale mambo yako matatu.

Gavana: hapa kuna hazina mbili ambazo watu hawazigusi. Ya kwanza ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu, kila kaunti ina yake. Usiogope unene, ruka kurasa za mwanzo, tafuta maoni ya mkaguzi. Kama amesema hesabu ziko sawa, sawa. Kama amesema ziko sawa ila kwa mambo fulani, soma hayo mambo fulani. Akisema hawezi kutoa maoni kwa sababu hakupewa stakabadhi, hapo kaa chini unywe maji. Ya pili ni ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinatoka kila robo mwaka, ndo utaona kaunti imetumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa mishahara na safari. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo, na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Linganisha na kaunti yako. Tafuta pia madeni ya wakandarasi, ile jumla ya bili ambazo hazijalipwa, uone inapanda ama inashuka. Mimi mara ya kwanza kusoma hizi ripoti nililala nikiwa nimekasirika, nkamwamsha mke wangu saa sita usiku nimsomee ukurasa mmoja wa safari za nje, akanambia "Baba Zuhura, lala, hizo pesa hazirudi leo."

MCA ndo mgumu, hata bunge la kaunti lenyewe mara nyingi tovuti yake imelala. Uliza kamati gani yuko, uliza amewahi kuleta mswada ama hoja yoyote. Uliza wafanyakazi wa wadi, wanajua kila kitu na wanapenda kuongea.

Mgombea mpya je, ambae hajawahi kushika kiti? Angalia alipokuwa kabla. Alikuwa na biashara? Ongea na aliowaajiri, waulize mshahara ulikuwa unaingia tarehe ngapi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuchangishana ama wa kamati ya shule? Hesabu zake zilisomwa? Mtu alieshindwa kusoma hesabu za chama cha watu ishirini hatabadilika akipewa bilioni. Kesi zake unaweza kutafuta kwa tovuti ya Kenya Law, hukumu ziko wazi na ni bure, ila kumbuka kushtakiwa si kupatikana na hatia, na hapa kwetu kesi huwa zinafunguliwa na kufungwa kulingana na upepo. Soma hukumu yenyewe usisome skrinshoti.

Na skrinshoti ni hatua yake yenyewe lakini sina mengi: kikija kwa grupu la WhatsApp kimeandikwa "sambaza kabla hakijafutwa", kisambaze kwa pipa.

Hatua ya 5: Muulize ana kwa ana

Wanakuja, hasa kuanzia mwanzo wa mwaka wa uchaguzi. Wakija usiulize "utatufanyia nini", hilo amelijibu mara elfu. Uliza maswali ambayo lazima ajue kitu ndo ayajibu. Kwa MCA: bajeti ya maendeleo ya wadi hii mwaka huu ilikuwa ngapi na ilienda mradi upi? Kwa gavana: dawa zitatoka kifungu gani na utapunguza wapi ili zitoke? Kwa mbunge: taja sheria moja ungepinga hata kama kiongozi wa chama chako anaitaka. Hilo la mwisho nalipenda sana, utaona jasho.

Akisema sijui, mpe alama. Kweli. Mtu anaesema "hilo sijui, ntaangalia" mbele ya watu hamsini ni nadra kuliko mvua ya Januari. Aliejibu kila kitu bila kufikiria ndo wa kuogopa.

Hatua ya 6: Mambo ya bahasha na leso

Kuhonga mpiga kura ni kosa la jinai, na kupokea pia ni kosa, wengi hawajui hiyo ya pili. Nilifanya hesabu: mia tano ukiigawa kwa miaka mitano ni kama senti 27 kwa siku. Simlaumu mama alielala njaa akichukua leso na kilo mbili za unga, mimi sijalala njaa hivyo. Ila kwa daftari yangu naandika nani aligawa nini, manake hizo pesa alizitoa mahali, na akiingia atataka zirudi kwanza kabla ya dawa za zahanati.

Hatua ya 7: Usisahau mchujo

Sehemu nyingi za Kenya, kusema kweli, uchaguzi unaisha kwa kura ya mchujo ya chama chenye nguvu pale. Kama kwenu chama fulani kikisimamisha hata gogo linashinda, basi kura yako yenye uzito ni ya mchujo, si ya Agosti. Mchujo huwa watu ni wachache, kura yako inahesabika zaidi. Angalia kwa eCitizen kama wewe ni mwanachama wa chama chochote, na ujiandae kushtuka, kuna watu wengi wamejikuta wamesajiliwa vyama ambavyo hawajawahi hata kuona ofisi yake. Unaweza kujiondoa hapo hapo.

Hatua ya 8: Ukikosa anaelingana na wewe

Utakosa. Hakuna mgombea atakaelingana na mambo yako matatu yote, ukimpata angalia vizuri labda ni wewe umesimama.

Hapa jua kwamba karatasi nyeupe ina sheria zake na zile tano zina zake. Rais lazima apite nusu ya kura zote, na apate angalau asilimia 25 kwa kaunti 24. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudiana ndani ya siku 30. Haijawahi kutokea lakini tumekaribia sana, Uhuru 2013 alipita na asilimia 50.07, Ruto 2022 na 50.49. Maana yake nini kwako? Kumpa kura mgombea mdogo wa urais unaemwamini raundi ya kwanza si kuitupa, manake kura kama hizo ndo zinaweza kulazimisha raundi ya pili, na huko utachagua tena. Lakini gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, mwenye nyingi ndo mshindi hata akiwa na asilimia 28, hakuna raundi ya pili. Huko ukimpa kura mtu wako wa moyoni ambae hana nafasi, inaweza kumpitisha yule unaemuogopa zaidi. Kwa hivyo mimi binafsi kwa nyeupe nafuata imani, kwa zile tano naangalia pia nani anaweza kushinda. Wengine wanasema huo ni unafiki. Sawa tu.

Na suti. Suti ni ile unaambiwa piga chama kimoja juu hadi chini. Viongozi wanaipenda kwa sababu inawapa MCA ambao hawawezi kumuuliza gavana swali. Ukishafanya kurasa zako sita alaf zikatoka chama kimoja, haya, ni matokeo. Lakini usianze na suti ndo utafute sababu.

Hatua ya 9: Nyumbani na mtaani

Mamangu tangu nimjue ana mtu wake na hatabadilika, na kila uchaguzi ananiuliza, "Wewe umempa nani?" Namwambia mama kura ni siri. Ananiambia siri kwa mamako? Tunacheka, tunakula, yameisha. Huna haja ya kumshawishi kila mtu wa nyumba yako. Ukitaka kuongea siasa na mjomba, muulize anaamini nini, usimuulize anamuunga mkono nani, utashangaa vile mko karibu.

Nilisema uchochezi wa kabila ndo kitu changu cha kumalizana na mgombea. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, wakaua polisi, wakachukua bunduki, alaf ikawa ni kuwinda watu wa bara, miezi minne hivi kabla ya uchaguzi wa Desemba. Walikufa watu zaidi ya 100. Niko mdogo lakini nakumbuka jirani yetu alietuuzia mandazi, mama mmoja wa Kijaluo, alikuja kwetu na watoto wawili wakalala chini ya kitanda cha bibi siku tatu. Bibi alikuwa anawapa uji kwa kikombe kimoja kinazunguka. Alaf wakaondoka na feri, hawakurudi. Kwa hivyo mgombea akinambia "hawa si wetu", hata awe na mpango mzuri wa maji namna gani, nafunga daftari.

Hatua ya 10: Siku yenyewe na baada yake

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukiwa kwa foleni ikifungwa bado una haki. Kabla ya hapo hakikisha jina lako liko kwa sajili ya IEBC, tume ya uchaguzi, na kituo hakijabadilika. Usiku wa kuamkia nakariri majina sita kwa mpangilio wa rangi, nyeupe bluu njano kijani zambarau kahawia, kama mtoto wa madrasa. Usipige picha karatasi yako. Kila karatasi inaingia sanduku lenye kifuniko cha rangi yake, usikimbilie kutoka.

Ile kurasa ya majina usiitupe. Mimi nimeibandika nyuma ya mlango wa jikoni, majina sita ya walioshinda, awe nilimpigia ama sikumpigia, na mbele ya kila jina alichoahidi kwa maneno yake mwenyewe. Kila mwaka kufikia 30 Aprili kaunti inapeleka makadirio ya bajeti kwenye bunge la kaunti, na kabla na baada ya hapo lazima waite wananchi watoe maoni, kwa kawaida tangazo linabandikwa ofisi ya wadi na kwa gazeti. Nenda na hiyo kurasa. Mkutano wa mwisho niliohudhuria uliitwa saa tatu, ukaanza saa tano, tulikuwa watu kumi na moja ukumbini na wanne kati yetu walikuwa wafanyakazi wa kaunti. MCA alikuja, akakaa mbele, na safari hii jina lake nilikuwa nalijua.